Kununua na Kufufua Pikipiki Kuukuu ya Mipigo Miwili Iliyolala Miaka Mingi

Pikipiki ya mipigo miwili iliyokaa stoo miaka kumi inaweza kuwaka ndani ya nusu saa. Plagi mpya, petroli mbichi, kiki kadhaa, moshi wa bluu unatanda, na muuzaji anatabasamu. Lakini kuwaka kwake hakukuambii kama itafika mbali. Nyingi huwaka vizuri, zikatembea siku mbili, kisha zikanoki barabarani (pistoni ikashika kwenye silinda na injini ikakwama), na mwenye nayo akabaki kulaumu oili au fundi.

Sababu iko kwenye umbile la injini yenyewe. Mchanganyiko wa hewa, petroli na oili hupita kwanza chini ya pistoni, ndani ya nyumba ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), ndipo usukumwe juu kwenda kuungua. Kwa hiyo nyumba ya krenki haitakiwi kuvuja hewa hata kidogo. Kila upande wa krenki kuna oili sili, na oili sili ni mpira. Mpira ukikaa mkavu miaka mingi hugangamaa, ukapoteza mkao wake kwenye shafti. Hewa ikipenya hapo, petroli inakuwa kidogo na hewa inazidi, na kwa kuwa oili inasafiri pamoja na petroli, kilainishi nacho kinapungua. Pistoni inapata joto, inatanuka, inashika silinda.

Kazi kubwa ya kufufua pikipiki hii ni kuirudishia uzibaji wa hewa na uhakika wa oili. Mengine yote yanafuata.

Kabla hujatoa pesa

Anza na karatasi. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye fremu na namba ya injini zilingane na hati za umiliki. Pikipiki iliyolala muda mrefu mara nyingi imepita mikono mitatu minne bila maandishi, na hilo halitengenezwi kwa spana. Namba zikiwa zimesagwa au kugongwa upya, ondoka.

Uliza iliachwaje. Iliegeshwa ikiwa nzima, au iliegeshwa kwa sababu iliharibika? Uliza pia kama pampu ya oili bado inafanya kazi au iliondolewa, maana wamiliki wengi huitoa na kuanza kuchanganya oili tangini. Na kabla hujaenda kuiona, mwombe muuzaji asijaribu kuiwasha. Kila kiki inayopigwa kwenye silinda kavu yenye kutu inakwangua kitu utakacholipia wewe.

Ukifika, chomoa plagi kisha sukuma kiki kwa mkono, taratibu. Krenki ikizunguka laini, vizuri. Ikikwaruza kama kuna mchanga ndani, beringi za krenki zimeshika kutu, na hapo injini itafunguliwa yote. Ikiwa imekwama kabisa, lipa bei ya pikipiki yenye injini mbovu, hata kama utaapiwa kwamba ni kukaa tu.

Kipimo kinachotoa habari nyingi kuliko vyote huchukua dakika kumi tu. Fungua bomba la moshi pale linaposhikana na silinda, lishushe, kisha chungulia kwa tochi ndani ya tundu la moshi huku ukizungusha injini polepole. Pistoni inapita mbele ya macho yako. Unaona ubavu wake, unaona ringi zikivuka tundu moja baada ya nyingine. Ubavu wa kijivu wenye mistari myembamba ni uchakavu wa kawaida. Michirizi mipana ya wima, au alumini iliyoburuzwa ikafunika mfereji wa ringi, ni ushahidi kwamba injini imeshawahi kunoki. Bonyeza ringi kidogo kwa kijiti cha mbao: inatakiwa iingie na irudi. Isiporudi, imeganda kwa masizi.

Kisha pima konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Ingiza kijiti cha mbao kwenye tundu la plagi hadi kiguse pistoni ikiwa juu kabisa, halafu zungusha nati ya magneto (sumaku ya kuzalisha umeme iliyo kwenye ncha ya krenki) mbele na nyuma kidogo kidogo. Ukihisi kishindo kidogo kabla pistoni haijaanza kusogea, beringi ya chini ya konrodi imelegea. Kuyumba kwa konrodi kwenda kando kwa kando ni kawaida, lakini kucheza juu na chini hakukubaliki.

Malizia kwa kuinua gurudumu la nyuma na kupitisha gia zote moja moja huku ukilizungusha. Na fikiria vipuri kabla ya moyo kukuvuta. Pikipiki kama Yamaha DT na RX100, Suzuki AX100, MZ ETZ au Vespa bado zinapatiwa pistoni, ringi na oili sili bila shida kubwa. Modeli adimu yenye silinda iliyokwisha inaweza kukaa stoo miaka mingine kumi ikisubiri kipuri kimoja.

Usipige kiki bado

Pikipiki ikishafika kwako, iache izimike hivyo hivyo. Injini ya mipigo minne ina oili chini inayosalia kwenye krenki yake, hii haina. Beringi zake zililainishwa na utando mwembamba tu wa oili, na unyevu ulikuwa na njia ya kuingia kupitia bomba la moshi au kabureta kutegemea pistoni ilisimama wapi.

Mimina takriban mililita 15 za oili ya mipigo miwili kwenye tundu la plagi, na kiasi kama hicho kupitia upande wa kabureta. Acha usiku mzima, kisha zungusha kwa mkono. Kama imekwama, tumia mafuta ya kupenyeza kutu na uvumilivu wa siku kadhaa, ukiongeza kila jioni. Baadaye ingiza gia ya juu kabisa na usukesuke gurudumu la nyuma mbele na nyuma. Usipige pistoni kwa nyundo na usipande juu ya kiki kwa nguvu: ringi iliyonasa kwenye tundu la silinda huvunjika, na kipande chake huchimba ukuta.

Mwaga oili ya gia siku hiyohiyo. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, kuna maji ndani. Isafishe kwa kuweka oili mpya ya bei nafuu, zungusha, mwaga, weka nyingine. Klachi nyingi za pikipiki hizi zinaogelea ndani ya oili hiyo, kwa hiyo tumia inayoruhusiwa kwa klachi ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA (kiwango cha ubora cha Kijapani), au ile iliyotajwa na mtengenezaji. Baada ya miaka mingi sahani za klachi huwa zimegandamana. Zifungue na uzitenganishe kwa mkono. Ni kazi ya saa moja na inakuepusha na pikipiki inayoruka mbele ukiingiza gia ya kwanza.

Silinda

Kuna wanaosema kama inazunguka, iache. Sikubaliani nao. Kwa injini ndogo inayopozwa na hewa, kutoa kichwa na silinda ni nati chache tu, na ukishaona ndani hubaki na wasiwasi. Ziba mdomo wa nyumba ya krenki kwa kitambaa safi kabla hujatoa klipsi za pini ya pistoni, maana klipsi ikidondoka humo utafungua injini nzima kuitafuta.

Soma namba iliyogongwa kichwani mwa pistoni ukishaondoa masizi. 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00 ni milimita ambazo silinda imeshachongwa. Kwa modeli nyingi 1.00 ndiyo mwisho, baada ya hapo ni slivu mpya (ganda la ndani la silinda). Weka ringi peke yake ndani ya silinda, inyooshe kwa kuisukuma na pistoni, kisha pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vya kupimia mwanya). Mpya huwa karibu 0.2 hadi 0.4 mm; ikishapita 0.7 badilisha. Kutu nyepesi kwenye ukuta huondoka kwa honi (kifaa cha kusugulia ndani ya silinda), lakini vishimo unavyovihisi kwa ukucha vinahitaji kuchongwa.

Wakati wa kurudisha, mshale wa pistoni uelekee kwenye tundu la moshi. Ncha za kila ringi zikae sawasawa kwenye pini yake ndogo iliyo mferejini, la sivyo ncha itajitokeza na kunasa kwenye tundu. Klipsi ziwe mpya daima. Gasketi ya chini na ya juu ziwe mpya pia. Bomba la moshi lililojaa masizi na oili iliyoganda linaiba nguvu na kuongeza joto, basi toa kiini chake (bomba dogo la ndani), kikwangue, na kwangua tundu la moshi kwa kitu laini pistoni ikiwa chini.

Oili sili na kipimo cha hewa

Hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi.

Upande wa magneto, oili sili inapochoka hunyonya hewa moja kwa moja. Hii ndiyo inayoua injini kimyakimya. Upande wa klachi, inapochoka hunyonya oili ya gia: moshi mweupe mzito usiokwisha, plagi iliyolowa, na oili ya gia inayopungua bila tone kuonekana chini. Ya magneto mara nyingi hubadilishwa kutoka nje ukishatoa sumaku kwa pula yake. Tumia pula iliyotengenezwa kwa sumaku hiyo. Kuibandua kwa bisibisi kunapinda krenki. Ya klachi hutegemea injini: baadhi hutoka nje, baadhi zina ukingo unaokaa ndani ya mfereji wa kasha na lazima kasha la injini lipasuliwe nusu mbili. Kama umeshafika kuipasua, badilisha na beringi za krenki.

Sili zilizokaa zaidi ya miaka kumi mimi huzibadilisha bila kuuliza. Ni kipuri kidogo, na kinacholindwa ni pistoni, silinda na mifupa yako.

Baadaye pima. Ziba tundu la moshi kwa kipande cha mpira kilichobanwa na sahani ya chuma, ziba njia ya kabureta kwa kizibo cha mpira chenye mrija katikati, rudisha plagi, na weka pistoni chini kabisa ili hewa izunguke juu na chini ya pistoni. Kisha unganisha kipimo cha shinikizo la damu cha kupampu kwa mkono, ukishatoa mkanda wake. Kinafaa mno, kwa sababu 300 kwenye uso wake, yaani milimita za zebaki, ni sawa na 0.4 ya baa, shinikizo linalotakiwa hasa. Usizidishe sana hapo, usije ukazisukuma sili nje.

Pampu hadi 300, funga, tazama sindano. Injini nzuri hushikilia dakika kadhaa huku ikishuka taratibu sana. Ikipoteza zaidi ya 50 kwa dakika, paka maji ya sabuni kwenye gasketi, kwenye kiungo cha kabureta, kuzunguka plagi na nyuma ya sumaku. Mapovu yatakuonyesha. Kama hakuna mapovu popote na sindano inashuka, hewa inaingia kwenye sanduku la gia kupitia sili ya klachi: vua kizibo cha oili ya gia na usikilize.

Mpira unaoshikilia kabureta ukague ukiwa umeukunja kwa vidole, kwa sababu nyufa zake hujificha ukiwa umenyooka. Na kama injini ina ridi, vile vibati vyembamba vinavyoruhusu mchanganyiko kuingia bila kurudi, vishikilie mbele ya taa. Mwanga mwembamba unaweza kuvumiliwa. Kilichovunjika ncha au kuchanika hakivumiliki.

Tangi, koki na kabureta

Petroli ya zamani ina harufu ya vanishi na haitumiki tena; usiichanganye na mpya ukidhani unaokoa. Penye ethanoli hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa ethanoli huvuta unyevu na maji hukaa chini ya tangi yakila bati.

Kwa kutu ya ndani, osha tangi kwanza kwa sabuni itoe mafuta, kisha lijaze siki nyeupe au maji yenye asidi ya limau, gramu 50 hadi 100 kwa lita. Liache siku nzima. Mwaga, suuza kwa maji yenye soda ya kuokea ili asidi iishe nguvu, likaushe haraka kwa hewa ya moto, na papo hapo zungusha petroli yenye oili ndani yake. Ukichelewa saa chache tu, kutu mpya ya rangi ya machungwa inarudi. Tangi lenye tundu lisichomelewe kamwe na mtu asiyejua kulitoa mvuke wa petroli kwanza. Tangi tupu hulipuka kwa urahisi kuliko lililojaa.

Kabureta ifunguliwe yote. Jeti ndogo (kitundu cha kupitisha petroli) ya sailensa, yaani ya mwendo wa chini injini ikiunguruma bila kuvutwa mafuta, ndiyo inayoziba kwanza, na tundu lake ni jembamba kiasi kwamba waya mgumu utaliharibu. Iloweke kwenye dawa ya kabureta, ipulizie hewa, kisha itazame dhidi ya mwanga mpaka uone duara kamili. Badilisha sindano ya floti na kila oringi. Weka namba za jeti zilezile za mtengenezaji: kupunguza jeti ili kubana matumizi ni njia ya uhakika ya kunoki.

Cheche

Plagi iwe na joto lililoelekezwa kwa injini hiyo. Kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, yaani inayotoa joto lake haraka. Kwa Bosch ni kinyume chake. Usiweke ya moto zaidi eti kwa sababu ya zamani ilikuwa nyeusi.

Platini (vibati vinavyofunguka na kufunga ili cheche itoke) zikiwa na kutu nyeupe, zipitishie msasa laini sana, zifute kwa spiriti, na weka mwanya wa 0.3 hadi 0.4 mm. Kondensa la zamani ni bora libadilishwe. Taimingi, yaani wakati cheche inapopiga, hupimwa kwa milimita za pistoni kabla ya kufika juu, kwa saa ya kipimo inayoingizwa kwenye tundu la plagi, na thamani yake hutofautiana kwa kila modeli. Cheche ikiwahi sana, pistoni itatoboka kichwani. Ukijaribu cheche, plagi iguse chuma cha injini wakati wote, hasa kwenye mfumo wa CDI (kisanduku cha kielektroniki kinachotoa cheche badala ya platini), kwani umeme usio na pa kwenda unaweza kuua kifaa hicho.

Oili: pampu au kuchanganya

Yamaha walileta pampu yao ya Autolube mwaka 1964, na watengenezaji wengine wakafuata. Ni kifaa kizuri na mara nyingi kinalaumiwa bure. Kinachokwamisha ni mirija iliyokauka, hewa ndani ya mirija, na kebo iliyotoka kwenye alama yake. Badilisha mirija, jaza oili, fungua skrubu ya kutolea hewa mpaka itoke oili tupu bila povu. Kisha hakikisha alama za pampu zinalingana wakati gripu ya mafuta iko mahali panapotajwa kwenye kitabu.

Tangi la kwanza lote, hata kama pampu inaonekana nzima, changanya petroli na oili 1:50. Angalia kama oili kwenye chombo chake inapungua. Ikishathibitika, rudi kwenye petroli tupu.

Ikiwa pampu haipo, kumbuka hesabu hizi: 1:50 ni mililita 20 za oili kwa lita ya petroli, 1:40 ni 25, na 1:25 ni 40. Fuata kitabu, na usizidishe kwa hofu. Oili ikiongezeka, petroli inayopita kwenye jeti ileile inapungua, na mchanganyiko unakuwa mkavu badala ya salama. Chagua oili yenye alama ya JASO FC au FD. Ile ya TC-W3 ni ya injini za boti zinazopozwa na maji. Kwenye injini ya pikipiki inayopozwa na hewa haina kazi.

Breki na magurudumu

Fungua ngoma za breki. Gundi inayoshika utambi wa shoo (sehemu inayosuguana na ngoma) hufa kwa kukaa, na utambi ukibanduka ukiwa kwenye mwendo gurudumu linajifunga. Breki ya maji ipate mafuta mapya na mpira mpya. Tairi lina namba nne za tarehe: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Lililopita miaka kumi litupe hata kama kashata zote zipo, na namba zikiwa tatu tu lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Kebo zote, cheni, beringi za magurudumu na za usukani, sili za shokomzoba za mbele: kagua, paka grisi, badilisha panapohitajika.

Kuwasha na kilomita za mwanzo

Washa nje, kizima moto kikiwa karibu, na kitambaa kinene mkononi. Injini yenye uvujaji inaweza kupanda mzunguko yenyewe na kukataa kushuka. Zima swichi; isipokubali, ziba mdomo wa kabureta kwa kitambaa.

Moshi mwingi dakika za kwanza ni oili ya zamani ikiungua kwenye bomba. Subiri robo saa. Kinachotakiwa kukushtua ni sailensa: ukiachia gripu, injini ishuke mara moja. Ikining'inia juu kisha ishuke polepole, kuna hewa inayoingia mahali, na dawa yake si kukaza skrubu ya sailensa. Rudi kwenye kipimo cha hewa.

Iache ipate joto, zima, ipoe kabisa, kisha kaza tena nati za kichwa kwa nguvu iliyoandikwa. Kama umefunga pistoni mpya, kwa kilomita 500 za mwanzo usivuke nusu ya gripu, na badilisha mwendo mara kwa mara. Mteremko mrefu una hatari yake: ukifunga mafuta huku injini inazunguka kwa kasi, petroli haiingii na oili haiingii. Bana klachi au vuta mafuta kidogo kila baada ya muda.

Weka vidole viwili juu ya mkono wa klachi wakati wote. Injini inayotaka kushika hutoa dalili sekunde moja au mbili kabla: sauti inakuwa ngumu, nguvu inapungua ghafla bila wewe kuachia. Bana klachi saa hiyohiyo, simama pembeni, ngoja ipoe. Mara nyingi pistoni inakuwa bado nzima.

Baada ya safari ya kwanza ndefu, nenda kwa mafuta mengi kwenye sehemu salama, kisha bana klachi na uzime injini kwa wakati mmoja, uchomoe plagi. Kaure ya plagi (ule udongo mweupe wa nchani) ikiwa ya kahawia ni sawa. Nyeupe au yenye vidoti vya kung'aa, usiendelee: tafuta hewa inapoingia kwanza, na ukishajiridhisha hakuna, ndipo ongeza ukubwa wa jeti kuu hatua moja na upime tena.